Kusoma Ukiwa Kazini: Mwongozo wa Kujiendeleza Mtandaoni kwa Daktari wa Mifugo

Aliyehitimu tiba ya wanyama katika chuo cha Morogoro (Tanzania) au cha Kabete (Kenya) mwaka 2000 alifundishwa sotoka ya ng'ombe kwa kina. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo darasani ilipitiwa kama habari ya Afrika Magharibi na Pembe ya Afrika, ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008. Kwa maneno mengine, ugonjwa aliousomea umeondoka, na aliopewa ukurasa mmoja ndio unaomwamsha usiku. Shahada haikumwandaa kwa hilo, wala haikuweza.

Mwongozo huu ni wa daktari aliye kazini tayari: wa halmashauri mwenye pikipiki na kata nyingi, wa kliniki ya mbwa na paka mjini, wa duka la dawa za mifugo ambaye mteja anaingia na picha ya ng'ombe kwenye simu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anza na wagonjwa wako, kisha tafuta kozi. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunafungua kila kiungo kinachorushwa kwenye kundi la WhatsApp, tunakusanya vyeti vya semina tulizosikiliza nusu tukiwa barabarani, na mwisho wa mwaka namna tunavyotibu kiwele kilichovimba ni ileile.

Hatua ya 1: Jua chombo kinachokusajili kinataka nini

Tanzania, anayekusajili ni Baraza la Veterinari, lililoundwa chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Kenya ni Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo pamoja na wataalamu wasaidizi. Uganda nayo ina bodi yake. Kila chombo kina namna yake ya kuhesabu pointi za mafunzo endelevu, na viwango hubadilishwa kwa waraka, kwa hiyo usitegemee alichokuambia mwenzako mliyesoma naye.

Andika barua pepe, uliza mambo manne. Mwaka wa kuhesabu unaanza na kuishia lini? Watoaji gani wa mafunzo wanatambuliwa? Kozi ya mtandaoni kutoka nje ya nchi inahesabiwa, na kwa uzito gani ukilinganisha na semina ya ana kwa ana? Ushahidi gani unakubalika: cheti tu, au pia ratiba na muhtasari wa somo? Jibu lihifadhi. Siku ya kuhuisha leseni litakuwa na nguvu kuliko maelezo yako ya mdomo.

Angalizo kuhusu vyeti vya Marekani. Vingi vina alama ya RACE, ambayo ni idhini ya jumuiya ya mabaraza ya veterinari ya Marekani na Kanada. Ni dalili nzuri kwamba somo limekaguliwa, lakini haimaanishi kwamba baraza lako limelipokea. Na tukiwa hapohapo: Uingereza daktari anatakiwa kutimiza saa 35 za kujiendeleza kila mwaka, na saa peke yake hazitoshi, kwani anatakiwa aandike pia amejifunza nini na kimebadilisha nini kazini. Hilo la kuandika liibe hata kama kwenu halidaiwi. Nitalirudia kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Fungua daftari la visa

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua daftari la kawaida, lile la karatasi, kwa sababu zizini mikono ina samadi na simu iko mfukoni. Kila mgonjwa mpe mstari mmoja au miwili: tarehe, mnyama na umri, dalili kuu, joto la mwili, ulichodhani, ulichofanya, matokeo. Safu ya matokeo ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo daftari ni orodha ya dawa ulizouza. Mpigie mfugaji siku tatu baadaye. Ng'ombe amepona, amekufa, au amechinjwa usiku na nyama kugawanywa?

Kila baada ya miezi mitatu kaa na daftari, kalamu nyekundu mkononi. Weka alama mahali pa aina tatu: pale usipojua unachokiona, pale ulipodhani unajua lakini mnyama hakupona, na pale palipotokea jambo geni katika eneo lako, kama mimba nyingi kutupwa kwa wakati mmoja. Alama zikijirudia kwenye jambo moja, hilo ndilo somo lako la miezi mitatu ijayo. Moja, au mawili ukijiweza.

Nitoe mfano utakaotufuata hadi mwisho. Tuseme daftari linaonyesha ng'ombe chotara kadhaa wenye homa, matezi ya chini ya sikio na ya mbele ya bega yamevimba, wanahema kwa shida. Ulidhani ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ukachoma dawa yake, buparvakwoni. Baadhi walipona, baadhi walikufa, na mmoja alipata nafuu kisha akarudi kuzorota akiwa na ufizi mweupe. Swali la "nisome kuhusu ndigana" ni pana mno, litakumeza. Livunje: mgonjwa gani, tiba gani, ukilinganisha na nini, kwa matokeo yapi. Kwa mfano: kwa ng'ombe mzima mwenye ndigana kali aliyeanza kuhema kwa shida, buparvakwoni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, ikirudiwa baada ya saa 48, inaokoa wangapi ukilinganisha na aliyetibiwa siku ya kwanza ya homa? Swali la pili: yule wa ufizi mweupe, alikuwa na ndigana kali peke yake, au na ndigana baridi (ugonjwa mwingine wa kupe) juu yake, ambayo buparvakwoni haiigusi na inataka dawa za oksitetrasaiklini au imidokabu?

Maswali ya namna hiyo yanajibika. Na ukishayaandika, nusu ya semina unazoalikwa utaona wazi hazikuhusu.

Hatua ya 3: Andaa simu na bando

Hili ni fupi. Pakua usiku bando likiwa rahisi, au ukiwa ofisini penye mtandao, na usome nje ya mtandao. Fungua folda kwa kila ugonjwa na ulipe kila faili jina linaloeleweka: ugonjwa, mwaka, chanzo. Faili lenye jina la tarakimu kumi na mbili hutalipata tena. Ukiwa na kompyuta, programu ya Zotero ni ya bure na inapanga makala vizuri. Video zipunguze ubora. Mhadhara unasikika vilevile.

Kuhusu saa: semina nyingi za moja kwa moja hupangwa kwa saa za Ulaya. Saa moja jioni ya London ni saa tatu usiku kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa nne usiku wakati wa baridi. Kama huwezi kukesha, jiandikishe hivyohivyo, kwani waandaaji wengi huwatumia waliojiandikisha rekodi. Ila uliza kwanza kama atakayesikiliza rekodi anapewa cheti.

Hatua ya 4: Kila swali na rafu yake

Kosa la kawaida ni kuuliza Google kila kitu. Vyanzo vizuri ni vichache, na kila kimoja kina kazi yake.

Mgonjwa akiwa mbele yako sasa hivi, fungua MSD Veterinary Manual. Kilianza kama kitabu mwaka 1955, na leo chote kiko mtandaoni bila malipo. Marekani na Kanada kinaitwa Merck. Kina dalili, uchunguzi, tiba na dozi, na magonjwa yaenezwayo na kupe yameelezwa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba kimeandikwa kwa jicho la Amerika Kaskazini: baadhi ya dawa zinazotajwa hazipo kwetu, na kipindi cha kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama lazima ukisome kwenye lebo ya dawa uliyoishika, iliyosajiliwa nchini mwako.

Ukiwa na darubini na slaidi ya damu, nenda eClinPath ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ni atlasi ya bure ya damu na majimaji ya mwili, yenye picha za seli za wanyama mbalimbali. Fanya zoezi hili: angalia slaidi yako kwanza, andika unachokiona, ndipo ulinganishe na picha. Ukianza na picha, jicho litaona unachotaka kuona. Na kwa mfano wetu wa ndigana kali kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Vimelea vya Theileria (jamii inayosababisha ndigana kali) ndani ya seli nyekundu, vikiwa vichache, havithibitishi kwamba ng'ombe anaugua ndigana kali. Anaweza kuwa amepona zamani na bado anavibeba, au ni Theileria mutans ambayo kwa kawaida haina ukali huo. Ushahidi wenye uzito ni skizonti (kimelea hicho kikiwa katika hatua ya kuzaliana) ndani ya limfosaiti (seli nyeupe) kutoka kwenye tezi lililovimba. Choma tezi kwa sindano, paka slaidi, ikauke, ipake rangi ya Giemsa. Ni kazi ya chini ya saa moja, na inakuokoa kuchoma dawa ya bei mbaya kwa kubahatisha.

Unapojiuliza uchukue sampuli gani na kipimo gani kinafaa, rejea ni Terrestrial Manual ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lile lililokuwa likiitwa OIE hadi mwaka 2022. Kila sura ipo mtandaoni bure. Watu huogopa urefu wake. Usiisome kama riwaya. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali linaloonyesha kipimo kipi kinafaa kwa lengo lipi: kuthibitisha mgonjwa mmoja, kupima kundi zima, au kuhakiki kinga baada ya chanjo. Kisha wapigie maabara uwaulize kama wanacho. Tanzania ni Wakala wa Maabara ya Veterinari, Kenya ni maabara kuu ya Kabete. Mazungumzo na mtaalamu wa maabara kabla ya kuchukua sampuli ni elimu ambayo hakuna tovuti inayoitoa.

Shirika hilohilo lina mfumo wa WAHIS, ambako nchi wanachama hutoa taarifa za milipuko. Upitie mara moja kwa mwezi. Ukiona ugonjwa wa midomo na miguu au homa ya Bonde la Ufa ng'ambo ya mpaka ulio karibu nawe, ndilo somo lako la wiki hiyo, daftari liseme lisiseme. Kwa karatasi fupi za ugonjwa mmojammoja, hasa yale yanayohamia kwa binadamu, kituo cha CFSPH cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kina mkusanyiko mzuri na wa bure.

Daktari wa mbwa na paka aanze na miongozo ya WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo. Mwongozo wao wa chanjo ulitolewa upya mwaka 2024, na unagusa kazi ya kila siku: chanjo za msingi za mtoto wa mbwa ziendelee mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, na dozi inayofuata ipendekezwe karibu wiki ya 26 badala ya kungoja mwaka mzima. Chanjo za msingi za virusi kwa mbwa mzima hazihitaji kurudiwa kila mwaka. Miaka mitatu inatosha. Kichaa cha mbwa ni habari nyingine, hapo fuata sheria ya nchi na lebo ya chanjo. Najua kliniki ambazo hazitapenda aya hii, kwa sababu chanjo ya kila mwaka ndiyo inayomleta mteja. Mlete kwa uchunguzi wa kila mwaka.

Wenye punda, na hapa nawasemea wenzetu wa Lamu, Mwea na Dodoma: The Donkey Sanctuary wanatoa bure kitabu cha tiba ya punda, na shirika la Brooke lina nyenzo za punda na farasi wa kazi. Vyuoni punda hupewa saa chache, kisha tunamtibu kana kwamba ni farasi mdogo, ilhali hafanani naye katika dozi za baadhi ya dawa wala katika namna anavyoonyesha maumivu.

Utafiti wenyewe unaupata PubMed Central, ambako makala zote zinasomeka bila malipo, na Google Scholar, ambayo mara nyingi inaonyesha nakala ya bure pembeni ya matokeo. Tafuta kwa jina la kisayansi la kimelea, jina halisi la dawa na jina la nchi: Theileria parva buparvaquone Tanzania. Jina la biashara la dawa litakuletea matangazo. Makala zilizofungwa kwa malipo zinaweza kufunguka kupitia Research4Life, mpango ambao tawi lake la kilimo na mifugo, AGORA, linasimamiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Anayesajiliwa humo ni taasisi, kwa hiyo uliza chuo ulichosoma, ofisi ya mifugo ya mkoa au maktaba ya utafiti iliyo karibu. ILRI ya Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, nayo huweka machapisho yake kwenye hazina ya CGSpace, na humo utakuta miongozo iliyoandikwa kwa ng'ombe wanaofanana na wako. Onderstepoort Journal of Veterinary Research la Afrika Kusini ni la bure pia.

Hatua ya 5: Chagua kozi, na uimalize

Sasa ndiyo kozi. Nitataja zile ambazo daktari wa kwetu anaweza kuzitumia bila kuuza mbuzi.

FAO ina chuo cha mtandaoni chenye kozi za bure za kujisomea kwa mwendo wako, na vituo vya mafunzo ya afya ya wanyama kwa mtandao, kimojawapo kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara. Kozi za vituo hivyo zina wakufunzi na tarehe maalumu, kwa hiyo nafasi hujaa. EuFMD, tume ya Ulaya ya kudhibiti ugonjwa wa midomo na miguu, hufundisha uchunguzi wa mlipuko kwa kiwango cha juu, na haijajifungia Ulaya. Wakufunzi wake wamewahi kuwapeleka madaktari kwenye milipuko halisi nchini Kenya. Kozi yao ya kukadiria umri wa vidonda kwa siku ni ustadi wa thamani kubwa: ukijua kidonda cha ulimi kina siku tatu, unajua urudi nyuma siku ngapi kutafuta mnyama aliyeingia mnadani.

GARC, muungano wa kupambana na kichaa cha mbwa, unatoa vyeti vya bure kwa waelimishaji na wachanjaji. Wapitishe humo wasaidizi wako kabla ya Siku ya Kichaa cha Mbwa, tarehe 28 Septemba, ili kampeni isikutane na wachanjaji wasiojua la kufanya mtu akiumwa na mbwa.

Iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu ni ile isiyo na ugonjwa ndani yake: EBVM Learning, yaani kozi ya tiba ya wanyama inayofuata ushahidi, inayosimamiwa na RCVS Knowledge ya Uingereza. Inafundisha kuuliza swali, kutafuta ushahidi, kuupima, kuutumia, na kuangalia kama umesaidia. Ni kavu, picha zake ni za zizi la Kiingereza, na katikati utataka kuiacha. Usiiache. Ukiimaliza utasoma kila makala nyingine kwa macho tofauti.

Kwa wa serikalini kuna ISAVET, mafunzo ya epidemiolojia kazini yanayoratibiwa na FAO katika nchi kadhaa za Afrika. Si ya mtandaoni, na kuingia kwake hupitia wizara. Mwambie mkuu wako mapema kwamba unaitaka. Majina hupendekezwa kabla tangazo halijakufikia.

Chukua kozi moja kwa wakati. Aliyejiandikisha sita kwa pamoja hana hata moja.

Hatua ya 6: Chuja

Kila ukisoma kitu kinachokutaka ubadilishe tiba, kiulize maswali. Kimeandikwa na nani, lini, na nani amelipa? Semina ya kampuni ya dawa si haramu. Wasemaji wao wakati mwingine ni bora kuliko wa vyuo. Lakini andika pembeni dawa zilizotajwa na zile ambazo hazikutajwa. Mhadhara mzima wa ugonjwa wa kiwele usiogusa usafi wa mikono ya mkamuaji, na kuishia kwenye mrija mmoja wa dawa, umekwisha kukuambia ulichotakiwa kujua.

Je, mnyama wao ni mnyama wako? Turudi kwenye mfano wetu. Ukitafuta usugu dhidi ya buparvakwoni utakutana na makala nyingi zinazoonyesha kwamba upo, na mabadiliko ya jeni yameelezwa. Ukisoma haraka utatangaza kwenye kundi kwamba dawa imekwisha nguvu. Ukisoma taratibu utaona sehemu kubwa ya makala hizo inahusu Theileria annulata, inayotesa ng'ombe wa Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia. Yetu ni Theileria parva. Kabla ya kulaumu usugu, angalia uzito ulioukadiria kwa macho, siku ya ugonjwa uliyofika, ugonjwa wa pili uliojificha, na kama chupa ilikaa juani kwenye dirisha la duka.

Dawa imesajiliwa? Tanzania angalia orodha ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya ya Veterinary Medicines Directorate. Kwa antibayotiki ongeza kipimo kingine: Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linaonya kwamba kolistini, florokwinoloni, na sefalosporini za kizazi cha tatu na cha nne zisitumike kama kinga kwenye chakula au maji ya wanyama wasio na dalili, wala zisiwe chaguo la kwanza la tiba bila sababu ya kitaalamu. Mwenye duka asome sentensi hiyo akiangalia rafu yake ya dawa za kuku.

Majarida ya kitapeli yatakutafuta yenyewe. Barua pepe inayokuita "profesa mashuhuri", inayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache na kutaja ada mwishoni, ifute. Programu za akili bandia zinazojibu maswali zinaweza kukusaidia kupanga mawazo au kufupisha makala ndefu, lakini dozi usiitoe huko. Zinakosea kwa lugha ya kujiamini, na anayewajibika mbele ya baraza ni wewe.

Makundi ya WhatsApp nayatetea, kwa masharti. Ni mahali pazuri pa kuuliza "nani ameona hili wiki hii?" na pabaya pa kuuliza "nichome ngapi?" Dozi ikitolewa bila chanzo, omba chanzo, hata kama aliyeitoa alikufundisha. Na picha ya mgonjwa isionyeshe uso wa mfugaji, namba ya simu wala alama ya mifugo yake.

Hatua ya 7: Mikono haifundishwi na skrini

Kupima mimba kwa mkono, kutumia ultrasaundi, kufunga mshono wa tumbo, kuzalisha ndama aliyekaa vibaya: video itakuonyesha mpangilio tu. Mazoezi tafuta machinjioni. Zungumza na mkaguzi wa nyama, nenda alfajiri, uombe mifuko ya uzazi ya ng'ombe jike. Ishike ukiwa umefumba macho, sema ovari ya kushoto ina nini, kisha fungua uangalie. Hakuna darasa la bei nafuu kuliko hilo. Mapafu, maini na matezi ya siku hiyo yapige picha uunde atlasi yako mwenyewe, ya wilaya yako.

Kampeni za kuhasi mbwa zinazoendeshwa na mashirika ni nafasi ya kushona mara nyingi kwa siku chini ya jicho la mzoefu. Na mikutano ya vyama, kama ule wa mwaka wa madaktari wa mifugo wa Tanzania au wa Kenya Veterinary Association, iweke kwenye bajeti. Mada za ukumbini ni nusu ya faida. Nyingine iko kwenye foleni ya chai, ambako utajua nani wa maabara anapokea simu.

Hatua ya 8: Panga mwaka kwa mvua

Ratiba za wazungu huanza Januari na kugawanya mwaka sawasawa. Yetu ifuate kazi. Wakati wa masika kupe wanazidi, minyoo inazidi, barabara zinakatika. Usijiandikishe kozi ndefu. Soma karatasi fupi, jaza daftari. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho cha kozi yenye mitihani. Agosti waandae wachanjaji wa kichaa cha mbwa. Utabiri ukitaja mvua kubwa za El Niño, weka kando vyote usome homa ya Bonde la Ufa. Milipuko mikubwa ya 1997–98 na 2006–07 ilifuata mvua za namna hiyo, na wanaoambukizwa mapema ni pamoja na wanaochinja, wanaozalisha na wanaopasua mizoga. Hapo somo la kwanza ni glavu, barakoa, kinga ya macho na namna ya kushika kijusi kilichotupwa. Tiba na sampuli ni baadaye.

Hatua ya 9: Geuza somo liwe kazi, na utunze ushahidi

Kila ukimaliza somo andika mistari minne: nilikuwa na swali gani, nimejifunza nini, nitabadilisha nini, nitajuaje kama kimesaidia. Kwa mfano wetu: "Swali, ndigana kali inayorudi. Nimejifunza kuchoma tezi na kutafuta ugonjwa wa pili. Kuanzia sasa kila mwenye matezi anachukuliwa slaidi mbili, ya tezi na ya damu, kabla ya dawa. Baada ya miezi mitatu nitalinganisha vifo kwenye daftari." Mabadiliko hayo yabandike ukutani kwa Kiswahili chepesi ili msaidizi afuate hata usipokuwepo. Kisha mfundishe yeye na maafisa mifugo wa kata, saa moja tu, slaidi mkononi. Uliza baraza kama kufundisha kunahesabiwa. Hata kama hakuhesabiwi, maswali yao yatakuonyesha ulichokuwa hujakielewa.

Vyeti vyote viwe kwenye folda moja, kila kimoja kikiwa na tarehe, saa za somo, mtoaji, ratiba na ile mistari minne. Weka nakala kwenye barua pepe yako pia, maana simu za madaktari wa mifugo hufia kwenye josho. Jina kwenye cheti lifanane herufi kwa herufi na la usajili. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa mfumo wa kompyuta. Na ushahidi upakie wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu siku yenyewe kila mtu anaingia, mfumo unagoma, na simu ya ofisi haipokelewi.